HPV na VIH: sharji virale kushuka hakutoshi, shingo ya kizazi ipimwe

Muuguzi_Kadutu

Habari zenu wandugu wa Bukavu na kwingineko. Nafungua uzi huu kwa sababu ya swali moja linalorudi kila siku ya kugawa dawa: "Nameza ARV vizuri, sharji virale haionekani tena, sasa kwa nini mnanituma kupima shingo ya kizazi?" (Ndugu wa Tanzania na Kenya: VIH ndiyo VVU yenu, na sharji virale ni wingi wa virusi katika damu.)

ARV inapiga VIH. Haipigi HPV, kirusi kinachoenea kwa kujamiiana na kuleta saratani ya shingo ya kizazi. Hakuna kidonge wala sindano ya kuua HPV iliyokwisha kuingia mwilini. Anayeiondoa ni kinga ya mwili yenyewe, na kinga hiyo ndiyo VIH iliyoitafuna kabla dawa hazijaanza.

Karibu kila mtu anayejamiiana hukutana na HPV wakati fulani. Mwenye kinga nzima, mara nyingi inamtoka yenyewe ndani ya mwaka mmoja au miwili bila yeye kujua. Ziko aina nyingi, lakini za kuogopwa kwa saratani ni kama 14, na mbili tu, ya 16 na ya 18, ndizo zinazobeba karibu 70% ya saratani zote za shingo ya kizazi. Mwanamke mwenye VIH hukutwa na aina mbili tatu kwa pamoja, zinachelewa kutoka, na zikikaa zinageuza seli haraka. Shirika la Afya Duniani linahesabu hivi: kwa mwenye kinga nzima, kutoka maambukizi hadi saratani ni miaka 15 hadi 20. Kwa ambaye VIH yake haitibiwi, ni 5 hadi 10. Na kwa jumla hatari ya mwanamke mwenye VIH ni mara 6 ya ile ya asiye nayo.

Dawa zinasaidia sana, tusidanganyane. Aliyeanza ARV mapema na kuzishika ana HPV pungufu na vidonda pungufu (mahali pa shingo ambapo seli zimeanza kugeuka). Ila aliyeshuka hadi CD4 (hesabu ya askari wa kinga katika damu) chini ya 200 kisha akapanda hadi 600 bado ana deni la kile kipindi cha chini, maana hapo ndipo aina mbaya zilipojichimbia. Kwa hiyo unapofungua faili usitazame CD4 ya leo peke yake. Tafuta ile ya chini kabisa iliyowahi kuandikwa.

Wenye ujuzi wa labo, wakunga, madokta, karibuni. Tuweke hapa vitu vya kazi.

---

Mama_Nguba

Aksanti sana dada. Anza na ratiba basi, maana kituo kimoja kinasema kila mwaka, kingine kila miaka mitatu, kingine kinamwambia mama wa miaka 27 mwenye VIH arudi akifika 30.

---

Muuguzi_Kadutu

Mama, huyo wa 27 aliyerudishwa amekosewa. 30 ni ya wanawake wasio na VIH. Mwenye VIH anaanza 25. Hayo ni maelekezo ya Shirika la Afya Duniani ya 2021.

Baada ya hapo inategemea kipimo alichopimwa. Kipimo cha HPV yenyewe, kinachotafuta DNA ya kirusi, kikiwa safi anarudi baada ya miaka 3 hadi 5. Akipimwa kwa siki na macho (IVA) au kwa froti (seli za shingo zinazotazamwa kwa darubini), ni kila miaka 3. Asiye na VIH aliyepimwa DNA anaweza kukaa miaka 5 hadi 10, na hapo ndipo watu wanapochanganya: wanachukua ratiba ya mmoja wanampa mwingine. Akifika 50 na vipimo viwili vya mwisho kufuatana ni safi, anaweza kuacha.

"Kila mwaka" kwa kila mtu haina msingi. Inachosha wamama, inamaliza vifaa, na yule ambaye kweli anatakiwa kurudi baada ya miezi 12 anakosa nafasi. Huyo ni nani? Ni aliyekutwa na HPV lakini shingo haikuonyesha kidonda, na ni aliyetibiwa kidonda. Wote wawili, kama wana VIH, wanapimwa baada ya miezi 12. Yule wa kwanza akiwa safi anarudi kwenye foleni ya kawaida; aliyetibiwa akiwa safi anapimwa tena baada ya miezi mingine 12. Safi mara mbili ndipo naye anarudi kwenye foleni hiyo. Aliyetibiwa asiye na VIH anatosheka na mara moja.

---

Labo_Ibanda

Naongeza upande wa mashine. Vituo vingi vina GeneXpert kwa ajili ya kifua kikuu na sharji virale. Mashine ileile inapima HPV, ni kubadilisha katriji tu. Kinachokosekana mara nyingi ni katriji na chupa za maji ya kuhifadhia sampuli. Mashine yenyewe ipo.

Unachukua ml 1 kutoka kwenye chupa (PreservCyt), unaitia kwenye katriji, unapakia. Jibu ni kama saa moja. Mashine ya nafasi nne ina shughuli zake: sharji virale inakula kama saa moja na nusu kwa kila nafasi, na kifua kikuu hakisubiri. HPV inaweza kusubiri, hivyo sisi tunaipanga mwisho. Lakini ukiiacha "mwisho" bila siku maalumu, haifanyiki kamwe. Tenga nusu siku kwa wiki, iandike ukutani.

Kusoma jibu: mashine inataja aina ya 16 peke yake, ya 18 na 45 pamoja, kisha kundi la "nyingine". Ndani ya hizo nyingine kuna 31, 33, 35, 52 na 58, ambazo nazo si za kupuuza, hasa 35, ambayo katika Afrika inaonekana kwenye saratani kuliko mabara mengine. Usimwambie mama "una HPV" ukaishia hapo. Andika aina.

Makosa ninayoyaona kwenye karatasi za majibu: watu wanasoma INVALID na ERROR kama kitu kimoja. INVALID maana yake mashine haikupata seli za binadamu za kutosha, yaani brashi haikugusa vizuri au haikukorogwa kwenye chupa. Hapo mwite mama mumchukue sampuli upya. ERROR ni shida ya katriji, ya shinikizo (ute mzito unaziba), au umeme umekatika katikati. Hapo sampuli bado ni nzuri, weka katriji mpya. Kwa delestaji yetu (umeme wa mgao), bila betri ya akiba utapoteza katriji kila wiki.

---

Reko_Idjwi

Mkubwa wa labo, jambo. Kisiwani hakuna mashine. Chupa zikisafiri kwa boti, tena boti likilala siku mbili kwa mawimbi, sampuli haziharibiki? Na wamama wengi hawataki kulazwa kitandani na kuingizwa chuma. Wanasema wazi.

---

Labo_Ibanda

Hapana, hazihitaji barafu. Sampuli ndani ya maji yake inakaa kati ya nyuzi 2 na 30 hadi miezi 6. Kilicho hatari ni vitu viwili: kifuniko kisichokazwa (yale maji yana alkoholi, yakivuja lebo inafutika jina), na jua la juu ya boti. Kaza kifuniko, andika kwa kalamu ya risasi, funga kila chupa kwenye mfuko wake wa plastiki, weka ndani ya ndoo yenye mfuniko, kivulini. Na orodha ya majina isafiri mahali tofauti na chupa.

Kuhusu chuma: mama anaweza kujichukulia sampuli mwenyewe. Kwa kipimo cha DNA cha namna hii, sampuli aliyojichukulia inakaribia kabisa ile ya muuguzi. Anawe mikono. Anasimama mguu mmoja juu ya kiti, au anachuchumaa. Anashika brashi au kijiti cha pamba bila kugusa ncha, anakiingiza ukeni taratibu kama sentimita 5, au hadi alama iliyopo, anakizungusha polepole huku anahesabu hadi 30, anakitoa bila kugusa paja, anakitia kwenye chupa na kukikoroga. Basi. Shingo yenyewe haihitaji kuguswa, seli zinazodondoka ukeni zinatosha.

Asifanye akiwa katika siku zake zenye damu nyingi. Na siku mbili kabla, asijioshe ndani kwa sabuni wala kuweka dawa, ya hospitali au ya miti. Hiyo ya miti mwambie bila kumkaripia, ukimkaripia ataficha.

Ila jambo moja liwe wazi kwake tangu mwanzo: kujichukulia sampuli kunamwepusha na chuma kwa hatua ya kwanza tu. Jibu likiwa na HPV, lazima shingo itazamwe.

---

Mkunga_Bagira

Hapo ndipo kazi yetu inaanzia. Naandika IVA jinsi inavyofanywa, kwa sababu kipimo hiki ni rahisi kukifanya vibaya.

Siki kwanza. Inatakiwa asidi asetiki ya 3 hadi 5%. Siki nyeupe ya duka inafaa *kama karatasi ya chupa inasema ni asilimia ngapi*. Nyingi za Ulaya ni 8%: chukua ml 100, ongeza ml 60 za maji safi, unapata 5%. Ya kahawia au nyekundu usitumie, inapaka rangi. Ikiwa labo imewapa asidi kali isiyochanganywa, ni ml 5 kwa ml 95 za maji, na unamimina asidi ndani ya maji, si maji ndani ya asidi. Mtu wa pili akague kabla chupa haijaingia chumbani, maana asidi kali ikifika kwenye utando wa mama inaunguza vibaya sana. Mchanganyiko wa leo ni wa leo. Jioni unamwagwa.

Mama akojoe kwanza. Spekulamu (kile chuma cha kufungulia uke) ilowe maji ya uvuguvugu, si mafuta. Taa iwe nyeupe. Tochi ya mwanga wa njano inakudanganya, nyeupe inaonekana krimu. Kabla ya siki tazama: kuna usaha? kuna uvimbe? kuna damu inayotoka bila kuguswa? Futa ute taratibu. Kisha pamba iliyolowa siki iegemee shingo yote kwa dakika moja nzima ya saa. Hapa ndipo wengi wanaiba. Sekunde ishirini, wanatoa pamba, wanaandika "negatifu". Weupe hauji kwa sekunde ishirini.

Unachotafuta ni weupe mzito kama maziwa yaliyoganda, wenye mpaka unaoweza kuuchora kwa kalamu, unaogusa ule mstari ambapo wekundu wa ndani unakutana na waridi wa nje. Weupe hafifu, wa madoadoa, ulio mbali na mstari, unaofifia mara moja, si huo. Na kwa mama mwenye VIH tahadhari: mara nyingi shingo ina uvimbe wa maambukizi mengine, kwa hiyo IVA inasema "ndiyo" mara nyingi kuliko inavyostahili. Ukiona usaha na wekundu umetapakaa, tibu maambukizi, mrudishe utazame upya. Ukiona kitu kama koliflawa, kinachomomonyoka na kutoa damu ukikigusa, hapo IVA imekwisha. Usichome, usigandishe. Ni biopsi (kukata kipande kidogo cha kupimwa labo) na kumtuma mbele siku hiyohiyo.

Na kwa wamama waliopita 50 IVA haifai, maana ule mstari umeingia ndani ya tundu, huuoni. "Negatifu" yao haina maana yoyote.

---

Kijana_Essence

Samahani wakubwa. Je, mke akikutwa na HPV, maana yake ametoka nje? Hii inavunja nyumba huku.

---

Docta_Ruzizi

Mdogo wangu, umeuliza vizuri, na jibu ni hapana. Kipimo hakisemi HPV iliingia lini. Inaweza kulala miaka kumi na zaidi bila dalili, ikaonekana kinga inaposhuka. Inaweza kutoka kwa mume wa sasa, kwa mahusiano ya kabla ya ndoa, ya mmoja wao yeyote. Hakuna docta anayeweza kukwambia ni nani aliyeileta, na anayesema anajua anadanganya. Muuguzi anayetoa jibu aseme maneno haya *kabla* mama hajatoka mlangoni, si baada ya fujo nyumbani.

Mume hapimwi HPV kwa utaratibu wa kawaida, na hakuna dawa ya kumpa "ili asimrudishie". Kondomu inapunguza lakini haizibi kabisa, kwa sababu HPV inapita kwenye ngozi ambayo kondomu haifuniki. Tohara ya wanaume inapunguza pia, majaribio ya Uganda na Afrika Kusini yalionyesha hivyo. Na mtu asiyekuwa na VIH mwenye HPV anaambukizwa VIH kwa urahisi zaidi. Sharji virale isiyoonekana inazuia kumpa mwenzako VIH. HPV haihusiki na sharji hiyo, inapita palepale.

Sasa tiba, maana kupima bila tiba ni kumtisha mtu bure.

Kwa mwenye VIH hatutibu kila aliye na HPV. Wengi wanayo, nyingine zitatoka zenyewe. Tunachuja: HPV ipo, je, IVA inaonyesha kidonda? Ikionyesha, tunatibu. Kama mashine imetaja 16 au 18, tunaweza kutibu hata IVA ikiwa safi. Aliye na aina nyingine na IVA safi, tunamtazama baada ya miezi 12.

Kidonda kidogo kinachoonekana chote, kisichoingia tunduni, kinatibiwa kwa joto au kwa baridi. Joto: kifaa cha mkono cha betri, ncha inafika nyuzi 100, inaegemezwa shingoni sekunde 20 hadi 30, unasogeza na kurudia hadi eneo lote la mpaka lifunikwe. Mama anasikia kama maumivu ya hedhi, yanapita. Baridi (krio): dakika 3 za kugandisha, 5 za kuyeyuka, 3 tena za kugandisha. Krio ni nzuri, lakini inataka mtungi wa gesi, na shinikizo likishuka katikati unagandisha juujuu tu, kidonda kinabaki chini. Kwa milima yetu, kifaa cha joto ndicho kinachofika Walungu kwa pikipiki. Mimi nakipendelea bila kusita.

Kidonda kikubwa kuliko robo tatu za shingo, au kinachoingia ndani ya tundu, au ambacho mwisho wake hauuoni, hakichomwi. Kinakatwa kwa waya wa umeme (ansi), na kipande kinapelekwa kutazamwa. Mjamzito anasubiri ajifungue, isipokuwa tunashuku saratani.

Baada ya tiba: maji meupe yatatoka wiki 4 hadi 6, hilo ni la kawaida, aandae vitambaa. Asijamiiane wala kujisafisha ndani kwa muda huo. Kwa mwenye VIH hili lina uzito wa ziada: kidonda kinachopona kinatoa VIH zaidi ukeni kwa wiki hizo. Ikiwa haiwezekani nyumbani, na mara nyingine haiwezekani, basi kondomu kila mara, mpe za kutosha mkononi. Homa, harufu mbaya, damu yenye mabonge zaidi ya siku mbili, tumbo la chini linalouma sana: arudi siku hiyohiyo.

Na kwa mwenye VIH kidonda hurudi mara nyingi zaidi baada ya tiba. Ndiyo maana ya zile miezi 12 mara mbili.

---

Mama_Nguba

Na wasichana? Wale waliozaliwa na VIH wako shuleni sasa.

---

Mfamasia_Nyawera

Hao ndio wa kwanza kwenye chanjo, mama. Chanjo ya HPV haina kirusi hai ndani yake, ni ganda tupu la kirusi, kwa hiyo ni salama kwa mwenye VIH hata CD4 ikiwa chini. Ila dozi moja, ambayo sasa Shirika la Afya Duniani linaikubali kwa wasichana wa kawaida, haimtoshi yeye. Apate angalau mbili zilizopishana miezi 6, na ikiwezekana tatu: leo, baada ya mwezi 1 au 2, na mwezi wa 6. Bora miaka 9 hadi 14, kabla hajakutana na HPV. Haiponyi iliyokwisha kuingia, wala haimwondolei kipimo akifika 25.

Rwanda ilianza kuchanja wasichana nchi nzima mwaka 2011, ya kwanza Afrika. Aliyesoma ng'ambo ya Ruzizi huenda ana dozi tayari. Ulizeni kadi kabla ya kulipia. Chanjo inakaa nyuzi 2 hadi 8 na *haigandishwi*. Ikiganda imekufa, hata ikiyeyuka na kuonekana nzuri. Friji ya nyumbani inayotengeneza barafu nyuma ni mahali pabaya kuiweka.

Jambo la pili, masundosundo (vinyama vinavyoota sehemu za siri). Haya ni ya aina ya 6 na 11, hayaleti saratani kwa kawaida, lakini kwa mwenye VIH yanakua makubwa na kurudirudi. Podofilini ya 10 hadi 25% inapakwa na muuguzi, vazilini kwenye ngozi nzima ya kandokando, inaoshwa baada ya saa 1 hadi 4. Mjamzito kamwe. Kwa mjamzito ni asidi TCA ya 80 hadi 90%, tone dogo kwa kijiti, inaacha weupe, unairudia kila wiki. Naona watu wananunua podofilini sokoni Kadutu na kujipaka usiku kucha, wanaamka na vidonda vya kuungua. Na mwanamke mwenye masundosundo apimwe shingo hata hivyo, maana aina zinatembea pamoja.

---

Reko_Idjwi

Na ikiwa imekwisha kuwa saratani? Watu huku wanaacha ARV wakiambiwa hivyo. Wanasema "nimekwisha, za nini tena."

---

Docta_Ruzizi

Asiache hata siku moja. Saratani iliyopenya kwa mwenye VIH inahesabiwa hatua ya 4 ya ugonjwa, na anayeendelea na ARV anavumilia matibabu vizuri zaidi.

Dalili za kumtuma haraka: damu baada ya tendo, damu baada ya hedhi kukoma, uchafu unaonuka usioisha kwa dawa, mgongo wa chini unaouma, mguu mmoja kuvimba, mkojo kupungua. Hili la mkojo ni baya: uvimbe umebana mirija ya figo.

Biopsi iwekwe kwenye formoli 10%, mara kumi ya ukubwa wa kipande. Si chumvi, si alkoholi ya kusafishia. Kipande kilichooza njiani kinamgharimu mama wiki nyingi, na wiki hizo hazirudi.

Ikiwa bado mapema, upasuaji unawezekana. Ikiwa imesogea, tiba ni mionzi pamoja na sisplatini (dawa ya saratani) mg 40 kwa kila mita ya mraba ya mwili kila wiki. Mionzi kwa watu wa Kivu maana yake ni safari: hospitali ya kijeshi ya Kanombe kule Kigali ina mashine tangu 2019, na Kampala ni Mulago. Na hapa muhimu kwa anayeandika barua ya kumtuma: wengi wako kwenye TLD (kidonge kimoja chenye ARV tatu), ndani yake kuna tenofovir, ambayo ni mzigo kwa figo. Sisplatini nayo ni mzigo kwa figo. Pima kreatinini (kipimo cha damu cha figo) kabla hajaondoka, andika namba kwenye barua pamoja na majina ya ARV na sharji virale ya mwisho. Huenda kule wakambadilishia tenofovir. Barua inayosema tu "mgonjwa wa VIH, anatumia dawa" inamrudisha mwanzo.

---

Muuguzi_Kadutu

Mmoja ameniuliza pembeni kuhusu wanaume, najibu hapa bila kumtaja. HPV inaleta saratani ya njia ya haja kubwa pia, na wenye VIH, wanaume na wanawake, wako kwenye hatari kubwa kuliko wengine. Wanaume wanaolala na wanaume ndio zaidi. Utafiti wa ANCHOR wa Marekani, uliotoka 2022, ulionyesha kwamba kutibu vidonda vya awali hapo kunapunguza saratani kwa 57%. Vifaa vyake ni vigumu kupata kwetu, lakini kidole chenye glavu hakikosekani: apimwe kwa kidole mara moja kwa mwaka, na anayetoa damu, anayehisi uvimbe au maumivu yasiyoisha, atazamwe. Kila kinachoitwa "bawasiri" kwa mwenye VIH bila kutazamwa ni uzembe. Na apokewe kwa heshima, la sivyo hatarudi.

---

Reko_Idjwi

Swali la mwisho kwangu. Mama ametibiwa mwezi wa tatu. Yuko Kalehe, simu imebadilika namba mara mbili. Miezi 12 ikifika nampata wapi?

---

Muuguzi_Kadutu

Usimtafute kwa simu. Mtafute kwa dawa, kwa sababu ARV atakuja kuchukua.

Anayepewa dawa za miezi 6, ukimtibu siku ya kuchukua dawa, basi mfuko wa pili baada ya hapo unaangukia mwezi wa 12 sawasawa. Andika kwenye kadi yake ya ARV, mstari uleule wa tarehe ya mfuko huo: "HPV". Weka alama hiyohiyo kwenye faili na kwenye rejista ya dawa, *si* kwenye rejista ya IVA peke yake. Rejista ya IVA haifunguliwi na mtu anayegawa vidonge, na huko ndiko majina yanakopotelea. Mwenye kugawa akiona alama, hatoi mfuko dirishani: anampeleka mlango wa pili, mama anajichukulia sampuli kwa dakika tano, ndipo anapewa dawa zake. Asiyetaka siku hiyo apewe dawa zake bila masharti, alama inahamia mfuko unaofuata.

Kwa aliyekutwa na kidonda leo na kifaa cha joto kipo, mtibu leo. Maelekezo yanaruhusu hadi miezi 6, lakini Kalehe ni mbali, nauli ya boti hairudishwi, na "njoo wiki ijayo" ndiyo sentensi inayotupotezea wamama wengi kuliko siki mbovu.

---

Reko_Idjwi

Nimeelewa dada. Jumatatu nabeba kadi zote 64 za kisiwani, naanza kuandika alama.

---

Labo_Ibanda

Zile ambazo mwezi wa 12 unaangukia robo hii, nitumie idadi tu bila majina, nijue katriji ngapi nizitengee.